Fonti Yangu Imefika E

Jumatatu, 3 Machi 2025
Leo nimeacha kutafuta kazi. Nitatengeneza fonti. Yaani umbo jipya la herufi zote, kwa mkono wangu mwenyewe. Mama Jocelyne anafungua saluni Jumamosi hapa Yeoville, Johannesburg, na anataka kibao. Nikamwambia msanii amepatikana. Akauliza yuko wapi.

Ninalala kwa mjomba wangu, Tonton Ruphin, fundi cherehani. Amesema nikikosa kibao hicho, Jumatatu ijayo navaa sare ya ulinzi, nikalinde magari Hillbrow. Mimi! Mtu niliyefika karibu nusu ya sekondari!

Jumanne, 4 Machi
Nimechora A. Nimetumia rula ya Tonton iliyopinda, ile ya kukatia suruali. A imetoka na makalio. Safi sana.

Tonton akasema jina ni SALON JOCELYNE, herufi tisa tu, nianze na hizo. Nikamjibu kwa heshima kwamba yeye ni mtu wa nguo. Alfabeti ina mpangilio wake. Hata darasa la kwanza hatukuanza na S.

Jumatano, 5 Machi
A ya jana nimeifuta. Nimechora A nyingine. Nayo nimeifuta. Jioni, A na B!

Gustave, yule anayechapa mabango kwa kompyuta hapo jirani, alichungulia akauliza kwa nini nachora watu wawili wanapigana. Nikamwambia yeye ana fonti mia tatu na hajazaa hata moja. Akacheka. Wivu huo.

Alhamisi, 6 Machi
C, D, E. Siku moja! Murielle, binti wa Mama Jocelyne, akaja kuuliza kibao kimefika wapi. Nikamwambia kimefika E. Akaondoka na jibu hilo hilo.

Ijumaa, 7 Machi
Nimepata mbinu. Kama herufi hazitoshi jina, basi jina ndilo lenye shida. Nikaenda kumshauri Mama Jocelyne aiite saluni DADA. Fupi, ya heshima, na herufi zote ninazo.

Akasema Jocelyne ni jina la marehemu mama yake, naye alirithishwa. Nikampa pole, kwa adabu. Kisha nikauliza kama marehemu hakuwa na jina lingine, lenye B.

Chanuo limenipita sikioni. Eish.

Jumamosi, 8 Machi
Saluni imefunguliwa. Kibao ni cha Gustave. Murielle anasema kimemchukua dakika arobaini.

Nilipanda kwenye kiti na rula, nikawatangazia wageni kwamba O ya Gustave imeizidi N, juu na chini. Tonton akasema ndivyo inavyotakiwa: herufi ya duara isipozidi kidogo, jicho huiona fupi. Nikasema basi warekebishe macho. Wakachukua kiti chao.

Jumatatu, 10 Machi
Sare inanibana makwapani. Ninalinda magari mbele ya bucha ya Salum, Mtanzania. Saa nne akaniambia anatafuta mtu wa kumwandikia kibao kwa Kiarabu. Nikakubali kabla hajamaliza kusema.

Kiarabu sikijui. Lakini nimemuuliza herufi ya kwanza ikoje. Mstari mmoja tu, umesimama! Nimeimaliza kabla ya chai, bila kufuta. Wakati nachora, gari jeupe liliondoka. Natumaini aliyeliendesha ni mwenyewe.

Zimebaki ishirini na saba.