Mwidhinishaji Niliyemchagua Mwenyewe

Jumatatu, 3 Machi
Ushindi! Bosi ameniteua kufungua akaunti za wafanyakazi kwenye kanzidata mpya ya ghala letu la vipuri. Kampuni itakayoitunza imetuma fomu. Watu kumi na wanne, dakika tano kila mmoja: dakika sabini. Nimeomba siku nne. Kazi ya haraka haina heshima. Niliingia hapa na ufagio, sikubebwa na mtu. Akaunti zikiwa tayari Ijumaa, cheo cha msimamizi wa kanzidata ni changu. Zisipokuwa, kinakwenda kwa mhasibu, huyo tunayemwita Desimali, mwenye shahada mbili na adabu nusu.

Jumanne, 4 Machi
Balaa. Fomu inadai mtu wa pili, mwidhinishaji. Hakuna akaunti itakayofunguka mpaka akubali kwa simu yake. Desimali akajipitisha mezani kwangu, eti yeye yupo, nisione haya. Bora nimeze msumari!
Nimemwandikisha mama mkwe. Yuko kwangu wiki ya tatu, ana simu, ana muda. Nilimwamkia kwa heshima zote, nikamweleza kazi yenyewe ni kubonyeza "Kubali" basi. Akasema haina neno, baba, ila atasoma kwanza. Alisimamia mitihani miaka thelathini na mmoja. Nikacheka kimoyomoyo. Fomu ina kurasa arobaini na mbili.

Jumatano, 5 Machi
Kazisoma zote.
Ruhusa nilikuwa nimezigawa kwa haki: mimi thelathini kati ya thelathini, Desimali mbili, ya kuingia na ya kutoka. Mezani, mbele ya mke wangu, mama mkwe akauliza huyo mhasibu atahesabu nini akiwa mlangoni. Nikasema ni mambo ya usalama. Usalama wa nani, mwanangu? Mke wangu akapaliwa na maji. Ugomvi na mkwe hauna mshindi. Nimempa Desimali ishirini. Roho imeniuma kama jino bovu.

Alhamisi, 6 Machi
Ameidhinisha kumi na tatu asubuhi moja. Iliyobaki ni yangu! Penye cheo niliandika "Mkurugenzi Mkuu wa Data". Anataka barua ya uteuzi. Nikamwambia iko njiani. Akasema basi na akaunti nayo iko njiani. Nikajishusha, nikaandika "karani". Mfumo ukagoma: mabadiliko yote yapitie kwa mwidhinishaji. Nikamwangukia. Akasema mtahiniwa aliyekwisha kukabidhi karatasi harudishiwi.

Ijumaa, 7 Machi
Saa tatu kamili kanzidata imefunguliwa. Wote wameingia, hata mlinzi wa geti. Nikasimama nyuma yake nichungulie. Akaniambia nisogee, kaka, hizi ni siri za kazi. Mlinzi!
Bosi akampigia mwidhinishaji kulalamika kwamba akaunti yangu imekwama. Dakika ishirini na sita. Alianza kwa kufoka, akamaliza amesimama wima, ndiyo mama, nimeelewa mama. Akakata simu, akamkabidhi Desimali cheo changu. Mimi nimerudishwa kuhesabu nati na bolti kwa mkono. Desimali akaja kunipa pole. Katika zile ishirini nilizompa, ruhusa ya kunipa pole haimo.

Jumamosi, 8 Machi
Nimepiga hesabu upya. Mpango haukuwa na kasoro. Kasoro ni umri. Wazee wana maswali mengi. Leo nimeisoma fomu kwa mara ya kwanza, na ukurasa wa thelathini na nane unaruhusu kubadili mwidhinishaji mara moja tu. Nimemchagua mke wangu. Mpole, mtaratibu, miaka tisa ya ndoa hajanipinga ila pale nilipokosea. Nimemkabidhi fomu. Amekaa nayo sebuleni, bega kwa bega na mama yake, na ameomba kalamu nyekundu.
Nimekimbia dukani. Nimemnunulia mbili.