Pikapu Inayonidharau Mimi Tu

Jumanne, 12 Agosti 2008

Nimeaibika mbele ya mtaa mzima wa Gurei. Nakanyaga mafuta mpaka kigimbi kinauma, pikapu inajikokota. Kwenye mwinuko nimepitwa na muuza mkate. Kwa baiskeli! Akanipungia mkono, mshenzi.

Na si mkweche. Ni pikapu ya kisasa, ina kompyuta ndani, na juzi tu nimeitandikia zulia jekundu kutoka duka la Istar. Zito, manyoya yanazamisha kiatu. Juba hii hakuna gari lenye zulia kama lile.

Jumamosi Agum anaolewa. Baba yake, Mzee Mading, amekubali niongoze msafara wa harusi, yeye mwenyewe akae kando yangu. Nikiongoza vizuri, ataisikiliza posa yangu kwa Adit, mdogo wake Agum. Nikivuruga, Ruach anasubiri. Ruach! Lendikruza yake haina hata vioo.

Jumatano, 13 Agosti

Nimeipeleka kwa Tisa, fundi Mganda wa mtaa wa Atlabara. Ana adabu. Kabla ya kuingia na buti zake za grisi, alitoa zulia, akalikunja, akaliweka juu ya kiti safi. Akawasha. Pikapu ikapaa! Akarudi akisema, "Mimi naona gari iko mzima."

Nikatandika zulia langu, nikaondoka. Kufika kona ya kwanza, konokono. Nikarudi. Tisa akatoa zulia, akaendesha, ikapaa. Nikatandika, nikaendesha, ikajikokota. Akajikuna kichwa. Akachomeka mashine ya kupima kompyuta. Hakuna kosa lolote.

Ndipo akanieleza kwamba magari ya siku hizi pedali haivuti waya. Inaiambia tu kompyuta mguu umeshuka kiasi gani. Nikaelewa yote! Kompyuta inajua miguu ya watu. Ya fundi inaiheshimu. Yangu inaidharau.

Alhamisi, 14 Agosti

Nimeazima buti za Tisa ili niidanganye kompyuta. Zinabana, vidole vyote vimechubuka. Nikatandika nailoni juu ya zulia lisichafuke, nikaendesha. Konokono vilevile.

Basi ni mafuta! Nikaenda kwa Bille, Msomali anayeuza dizeli, nikampigia kelele mbele ya wateja kwamba anatia maji. Bille alimimina dizeli kwenye chupa, akaipitisha kwa kila mtu. Safi kabisa. Na nani alikuwa kwenye foleni? Ruach. Aliishika chupa, akaiinua juani, akaniambia malesh, pole ya watu wa hapa, kwa sauti ya kumbembeleza mtoto. Akasema Lendikruza ataiosha, ikae tayari kwa lolote.

Nimelia ndani ya gari. Kweli, nimelia. Adit akimchukua yule, mimi nitarudi kwetu Eldoret kwa miguu.

Jumamosi, 16 Agosti

Nimekwisha.

Tulitoka Gurei kwenda kanisani mtaa wa Hai Cinema, msafara mzima nyuma yangu ukipiga honi. Kina mama wa vigelegele walichoka, wakashuka, wakatembea, wakatupita. Mzee Mading alitazama saa yake tu, na mimi nimesimama juu ya pedali kwa uzito wangu wote.

Kanisani matope, mvua ya jana. Agum na gauni jeupe. Shangazi yake, Betty, hakuuliza mtu. Alifungua mlango wangu, akang'oa zulia, akalitandaza kwenye matope. Agum akapita juu yake. Kisha wageni wote, na viatu vyao! Ningepiga kelele, lakini Mzee alikuwepo. Nikaliacha palepale, limekufa.

Baada ya ndoa mchungaji akayaombea magari. Nikakanyaga kama nilivyozoea, kwa nguvu zote. Mama yangu! Tukampita bibi harusi. Tukawapita kina mama. Kofia ya Mzee ilibaki Hai Cinema. Tukaingia Gurei, tukaingia uani, tukaingia hemani, tukasimama kwenye kreti za soda.

Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu. Mzee alishuka ameshikilia mlango, akasema nisimtajie binti yake tena. Ruach akafika, na kofia mkononi.

Jumapili, 17 Agosti

Adit amenililia kwa baba yake! Mzee amelegea. Jumamosi ijayo nimpeleke uwanja wa ndege kumpokea ndugu yake. Nafasi ya mwisho, amesema, na nisipae wala nisitambae.

Nimewaza usiku kucha nini kiliiponya pikapu. Ni wazi. Maombi ya mchungaji. Na mimi nilimsumbua Bille bure!

Lakini Mzee hawezi kupanda gari la bati tupu. Nikaenda kwa Istar. Mekundu yamekwisha, akasema, yapo ya kijani, mazito zaidi. Nimechukua mawili, nikayapanga moja juu ya jingine, upande wangu, mpaka chini ya pedali.

Jioni nikapanda Gurei kulijaribu gari. Mwinuko uleule. Muuza mkate yuleyule. Akanipungia.

Kesho asubuhi naenda kwa mchungaji. Nataka aniambie ni maombi gani haya yasiyomaliza hata siku mbili.