Mwenye Lenzi

Mjini kuna watu wanaoamka asubuhi wakaenda kazini, na kuna Hakika. Jina hilo alipewa na waliomjua, maana kila ulichomuuliza alijibu "hakika", na kila aliyemwamini alijuta kwa hakika zaidi. Siku hiyo alikuwa ameketi kwenye benchi la fundi kamera, anachaji simu kwa umeme wa mwenzake, na kichwani ana jambo moja tu: chumba. Dada yake, msusi mwenye saluni mbele ya nyumba, alikuwa amemhifadhi katika chumba cha nyuma kwa muda ambao hata wao wenyewe waliona aibu kuutaja. Jana yake uvumilivu ukamwishia.

"Jumamosi chumba kile nampa mtu mwenye kazi," alisema, kitana mdomoni. "Nimesema kazi, sikusema dili."

Tumtendee haki Hakika. Kulikuwa na kitu kimoja duniani alichokipenda kwa moyo safi, bila hila wala chuku, nacho ni kitanda cha chumba kile.

Basi akiwa hapo benchini na mawazo yake, akaingia Mama Picha, mwenye studio ya picha za pasipoti na maharusi. Alikuja akiwaka.

"Fundi, wateja wananiua! Kila mmoja anasema nimemkuzia pua. Jana bibi harusi ameitazama picha yake akalia. Nikadhani ni furaha. Kumbe pua!"

"Ni lenzi yako, mama," fundi akasema bila kuinua kichwa. "Hiyo ya kwako ni pana, unamsogelea mtu mpaka unakaribia kumbusu. Tafuta lenzi ya sura. Ile ndefu kidogo, isiyozungushwa kuvuta picha. Ukitaka kukaribia, unatembea kwa miguu yako."

"Nitaipata wapi? Dukani siendi. Dukani kila lenzi ni malaika. Mimi nataka mwenye nayo, aliyelala nayo akaamka nayo, akae mbele yangu aniambie imemfanyia nini. Nikimtazama machoni nikaridhika, namlipa yeye mwenyewe mkononi. Madalali sitaki hata kuwasikia." Hapo jicho lake likamwangukia Hakika, aliyewahi kumuuzia stendi ya kamera yenye miguu miwili na ahadi ya wa tatu. "Hasa wengine," akaongeza, akatoka.

Hakika akaacha simu yake ichaji peke yake.

"Fundi, lenzi ya namna hiyo unayo?"

Fundi akacheka, akachomoa kitu kizito cheusi chini ya lundo la nyaya. "Hii hapa. Kuvu imeota ndani ya kioo, angalia, kama pamba. Haiuziki. Chukua ukakandamizie karatasi."

"Bure?"

"Bure. Ila usije ukasema imetoka kwangu."

"Hakika," akasema Hakika.

Lenzi alikwisha kuipata. Kilichobaki ni mwenye nayo. Yeye hafai, stendi ile bado inatembea mjini kwa miguu yake miwili. Alihitaji mtu mwenye mvi, mwenye sauti nzito, mwenye sura ambayo ukiiona unataka kuiamkia. Na mtu huyo alikuwa nyumbani kwa dada yake, amejilaza kwenye kochi.

Mjomba wao, kaka wa marehemu mama yao, alikuwa amefika kuwasalimia tu, na salamu hizo zilikuwa zimeingia mwezi wa tatu. Zamani alisimama mlangoni mwa jumba la sinema kwa koti lenye vifungo vya dhahabu, akikata tiketi, akaondoka kazini na sauti ya wacheza filamu wote aliowasikia. Kochi lilikuwa fupi, yeye ni mrefu, na kila asubuhi aliamka ameshika kiuno, akikitupia macho chumba cha nyuma na kuguna.

"Shikamoo Mjomba."

"Marahaba. Unataka nini?"

Hakika akamweleza. Mjomba akaipokea lenzi, akaigeuza, akaipima mkononi.

"Nitamwambia nini huyo mama?"

"Sema haikuzi pua. Sema haizungushwi, mpigaji ndiye anayesogea. Sema uzito wake unatulia mkononi. Sema umekaa nayo miaka na hujapata kuijutia."

"Na nikikosea?"

"Mjomba, maoni ya mwenye kitu hayakosolewi. Ni yako."

Mjomba akafikiri. "Lakini Mama Picha si anasukwa hapo saluni kwa dada yako? Akimuuliza, 'Eti mjomba wako ana lenzi?' dada yako akashangaa, tumeumbuka. Lazima na yeye ajue kuwa ni yangu. Na akisikia kutoka kwako ndiyo ataamini, maana wewe huna tabia ya kumpa mtu kitu."

Hakika aliona hekima kubwa katika maneno hayo. Akaenda saluni saa ile ile, na mbele ya wanawake waliokuwa wamevaa mataulo kichwani akatangaza kwamba Mjomba ana lenzi yake ya siku nyingi, mali yake halali, alikuja nayo kwenye begi.

"Mbona sijawahi kuiona?" dada akauliza.

"Dada, naapa. Nikisema uongo nisilale tena kwenye kitanda kile. Ni ya Mjomba, mimi simo hata kidogo."

Wanawake wakaitikia kwa vichwa. Mtu akiapia kitanda chake mwenyewe utamtilia shaka gani?

Kesho yake wakaenda studio. Mjomba alikuwa amenyoa, amevaa shati la Hakika na viatu vya Hakika, na kwa mara ya kwanza tangu afike alitembea ameacha kiuno kijitegemee. Mama Picha akampa kiti, akamwamkia, akamtolea soda baridi. Hakika hakupewa hata maji. Akasimama karibu na pazia, ametulia kama mtu anayesubiri mshahara.

Mama Picha akaifunga lenzi kwenye kamera yake, akamlenga Mjomba, akachungulia. Akarudi nyuma mpaka mgongo ukagota ukutani. Akachungulia tena.

"Mzee, naona jicho moja na sikio. Hii inafaa kupigia masikio?"

Hakika akalishika pazia. Studio ile ilikuwa ndogo kuliko jiko la dada yake, na lenzi ya sura inataka nafasi. Jambo hilo fundi hakulitaja, naye hakuuliza, maana alipoisikia ile "bure" masikio yake yaliziba. Mjomba wala hakutikisika. Akanyanyuka, akafungua mlango wa studio wazi kabisa.

"Mama, lenzi hii ina heshima zake. Haisogelewi sogelewi. Toka nje, vuka ukumbi, simama pale kwa fundi viatu. Mimi nakaa hapa hapa. Mtu akipigwa picha huku amepumuliwa usoni, pua itaachaje kuvimba?"

Mama Picha akatoka, akasimama katikati ya soli na gundi, akachungulia. Safari hii akasema kwa sauti ya chini: "Mbona kama kuna utando ndani?"

Hakika akayafumba macho. Basi, yamekwisha, akajisemea, Jumamosi nalala wapi.

"Utando ndio wenyewe," akasema Mjomba kwa sauti ya jumba la sinema. "Kioo kisafi kinasema kila kitu, mama. Kinasema kovu, kinasema chunusi, kinasema umri. Hiki kimeishi na watu, kimejifunza kunyamaza. Marehemu mke wangu alikuwa hapendi picha. Siku moja nikampiga na hii. Alipoiona akaniuliza, 'Huyu mrembo ni nani?' Nikamwambia ni wewe. Hakuamini! Akaninunia wiki nzima, akidhani nina mwanamke wa pembeni."

Fundi viatu akaangua kicheko. Mama Picha akashika moyo. Hakika naye, jamani, alihisi machozi yanamlenga, ingawa alijua fika kwamba Mjomba hajawahi kuoa.

Picha ikapigwa. Mama Picha akarudi ndani, akaifungua kwenye kompyuta, na wote watatu wakainama. Pale kwenye kioo alikaa mzee mwenye sura tulivu, mwanga umemzunguka taratibu, makunyanzi yamelainika, na pua, pua yake ile ile ambayo ukoo mzima uliitania, imekaa mahali pake kwa adabu.

"Mungu wangu," akasema Mama Picha. "Ukimwona huyu unampa funguo za nyumba."

Akavuta mkoba. Mkono wa Hakika ukaanza kuwasha. Tayari alikuwa anajiona amelipa kodi ya mwaka, dada amenyamaza, shuka jipya limetandikwa.

"Sema bei yako, mzee."

Mjomba akaitazama picha. Akaitazama lenzi. Akanyoosha kola ya shati la Hakika.

"Siuzi."

"Ati?" wakasema Mama Picha na Hakika kwa pamoja.

"Nilikuja nimekusudia kuuza. Lakini nilipokuwa naieleza, nimejisikia vibaya. Mtu anaachaje kitu kama hiki? Hapana, mama, siwezi. Ila kama unataka, nitakuja nayo kila asubuhi. Wewe unapiga, mimi nawakalisha wateja na kuwaongelesha wasikaze shingo. Tunagawana."

Mama Picha hakuhitaji kufikiri. Lenzi angeweza siku moja kuipata kwingine, lakini mdomo ule asingeupata katika duka lolote. Wakapeana mikono.

Hakika akaruka kutoka kwenye pazia. "Mjomba! Unafanya nini? Mama, usimsikilize! Lenzi ni yangu!"

"Yako?" Mama Picha akamtazama kama anavyotazamwa paka jikoni.

Hapa msomaji tuvue kofia kidogo, kwa sababu Hakika alifanya jambo ambalo halijapata kuonekana. Alisema ukweli. Aliusema wote, bila kuubania. Kwamba lenzi aliichukua kwa fundi kamera, bure. Kwamba utando ule ni kuvu. Kwamba Mjomba hajawahi kushika kamera, hana marehemu mke, na viatu alivyovaa ni vya kuazima. Ukweli ulimtoka kwa shida, kwa kigugumizi, hauna mpangilio, na kwa sababu hakuuzoea, alikuwa akiangalia chini na kupangusa jasho. Hujapata kuona mtu anayefanana na mwongo kuliko yeye saa ile.

"Mpigie fundi!" akalia. "Muulize!"

Mama Picha akapiga simu, akaiweka sauti ya nje. "Fundi, eti wewe ulimpa Hakika lenzi?"

Upande wa pili fundi alikuwa akiwaza stendi ya miguu miwili, akiwaza polisi, akiwaza mteja wake mkubwa anayemuuliza kuhusu lenzi yenye kuvu. Akaruka kimanga.

"Mimi? Nimpe Hakika lenzi? Mama, Hakika simwachii hata bisibisi." Akakata.

"Umesikia," akasema Mama Picha. "Na dada yako jana wakati ananisuka kasema mwenyewe uliapa mbele ya saluni nzima. Leo mzee wa watu kakataa kuuza, umekosa cha udalali, ndiyo unamvua nguo mjomba wako? Huna hata haya?"

"Mwache, mama," Mjomba akasema kwa huruma. "Ana matatizo ya makazi."

Jioni Hakika alipofika nyumbani, habari ilikuwa imemtangulia, kama kawaida ya habari zinazopitia saluni. Mlango wa chumba cha nyuma ulikuwa wazi. Dada yake alikuwa anatandika shuka jipya, na begi la Mjomba lilikuwa kitandani. Nguo zake Hakika zilikuwa kwenye mfuko wa plastiki, juu ya kochi.

"Dada, leo hata si Jumamosi!"

"Nilisema nampa mwenye kazi. Mwenye kazi amepatikana mapema." Akapiga mto makofi ukakaa sawa. "Tena wewe uliapia kitanda hiki, Hakika. Mimi nilidhani unatania."

"Lakini niliapa uongo!"

"Basi ndiyo sababu unatoka."

Hakika akakaa kwenye kochi, magoti yakamfikia kifuani, na akakitazama kitanda chake kikikaliwa na mtu mwingine. Mjomba alivua viatu vya Hakika, akavipanga vizuri chini, upande wa ndani, akajinyoosha urefu wake wote na kushusha pumzi.

Dada alipokwenda jikoni, Mjomba akainuka akasimama mlangoni.

"Usiniwekee kinyongo, mwanangu. Kesho pitia studio tukupige picha moja nzuri. Ya kupeleka unapoomba kazi."

Hakika akainua macho. "Bure, Mjomba?"

"Bure tena?" akasema Mjomba, amekunja uso kama aliyetukanwa. "Mimi ni mtu wa kazi."

Akafunga mlango, na ndani komeo likasikika likiingia.