Maji ya Uzinduzi

Jumatatu, tarehe 4 Machi. Mwaka wa ishirini na tisa tangu nikimbie vita kwetu. Asubuhi diwani amepita na kipaza sauti: Jumamosi anazindua bomba la mtaa wetu. Bomba lile lile alilolizindua mwaka jana, na mwaka juzi. Halijawahi kutoa tone. Kila mwaka linapakwa rangi, yanakodiwa maturubai na viti, na fedha za mtaa zinayeyuka. Mke wangu bado anachota maji kisimani, kule nyuma ya mashine ya kusaga, goti limevimba kama boga. Nimemwambia safari hii diwani atanitambua. Akauliza kama naweza kuanza kwa kumtwisha ndoo. Sikumsikia vizuri. Nilikuwa nafikiri.

Jumanne, tarehe 5. Nimekwenda ofisini kuomba nafasi ya kuuliza, siku ya uzinduzi, fedha za bomba ziko wapi. Karani akasema maswali yamekwisha gawiwa. Limebaki moja tu: mheshimiwa anapata wapi nguvu za kutuhudumia? Nimelikataa. Kinyozi wa ng'ambo ya barabara, anayemnyoa diwani na kujiona mshauri wake, amelichukua. Ameshinda akilifanyia mazoezi mbele ya kioo, mteja kakaa na povu linamkaukia shavuni.

Alhamisi, tarehe 7. Bahati gani hii. Diwani ameniita mwenyewe, mzee wangu huku, mzee wangu kule. Anasema watu wananong'ona kwamba bomba ni kavu, kwa hiyo mwaka huu litoe maji. Nikafurahi. Kumbe ana maana ya pipa, juu ya jukwaa la mbao nyuma ya ukuta, na mpira wa kuliunganisha na bomba. Anataka mtu mzima, mtulivu, asiye na ukoo hapa wa kumpelekea umbea, afungue koki akisikia kikohozi. Mgeni kama mimi. Miaka yote hii, bado mgeni. Nimekubali upesi mpaka akashtuka. Nitafungua, kisha katikati ya hotuba nitafunga. Aumbuke mbele ya mtaa mzima.

Jumamosi, tarehe 9. Nyuma ya ukuta, nimekumbatia pipa. Kinyozi akauliza swali lake, mkono kifuani. Diwani akakohoa. Nikafungua. Vigelegele, ndoo zikagongana. Diwani alipofika kwenye neno uaminifu, nikafunga. Maji yakakatika. Nikachomoza kichwa juu ya ukuta, nikawaambia wajionee: hakuna bomba, kuna pipa na mimi.

Nilitegemea watamgeukia diwani. Wakanigeukia mimi. Mama mmoja akauliza ni mzee gani huyu asiye na haya, anafunga maji ya watu. Mwingine akasema ndoo yake imefika nusu, sasa aende nayo wapi. Kinyozi akasema alijua siku nyingi kwamba Profesa, ndivyo anavyoniita kwa kuwa napenda kusoma, anauhujumu mtaa kwa vitabu vyake. Diwani akafuta jasho, akatangaza hatavumilia uzembe katika utumishi wa umma. Kamati ya kunichunguza ikaundwa pale pale, chini ya maturubai.

Jumatatu, tarehe 11. Hukumu imetoka. Mwenyekiti wa kamati ni kinyozi. Nikamuuliza, na diwani atachunguzwa lini? Akasema twende kwa utaratibu, Profesa: kwanza aliyefunga maji, halafu asiyeyaleta. Nimeamriwa kujaza pipa kila asubuhi mpaka bomba litakapotengenezwa. Nimeanza leo. Kisimani, jukwaani, kisimani. Mke wangu akaja bombani na kandambili zake, akakinga ndoo, akasema leo ndiyo mara ya kwanza serikali kumfikia.

Jumatano, tarehe 13. Mtoto wa kaka yangu amepiga simu kutoka kwetu. Baba mdogo, rudi, anasema, vita vimekuwa hadithi, nyumba imepakwa chokaa na chumba chako kipo. Nikauliza kama dirisha la uani bado linafunguka. Linafunguka.

Kisha nikamweleza habari mpya. Mwezi ujao diwani anazindua kivuko cha mtaro. Nguzo za katikati hazikununuliwa, kwa hiyo ananitaka nijibanze chini na kukibeba kwa mabega mpaka msafara upite. Nimekubali. Msafara ukifika katikati, naachia. Hapo hawatakuwa na la kusema.

Akauliza, baba mdogo, sasa kitamwangukia nani? Nikamwambia mambo ya utawala hayaelezeki kwenye simu. Awasalimie wote. Sitarudi.