Uzinduzi wa Neither na Nor

Mheshimiwa mgeni rasmi, ambaye ni mimi, waheshimiwa wasaidizi wangu wanne niliokuja nao kwenye gari moja kwa ajili ya kubana matumizi, Mwalimu Mkuu, Mwalimu wa Kiingereza, mama yetu mvumilivu, uliyefundisha watoto tisini ndani ya stoo ya majembe miaka mitatu mfululizo, wazazi, wanafunzi, na yule bwana wa kipaza sauti: itifaki imezingatiwa. (Makofi. Kipaza sauti kinapiga mluzi.)

Ndugu zangu, katika kutekeleza mkakati shirikishi wa kimkakati, ofisi yangu iliwaandikia wafadhili proposal ya kurasa sitini, nao wamejibu kwa mstari mmoja tu, jambo linaloonyesha imani waliyonayo kwangu, nanukuu: “Neither the classroom nor the books will be provided.” (Makofi. Mwalimu wa Kiingereza hapigi.) Tuichambue kitaalamu. Either kila mtu anaijua, ni kimoja kati ya viwili. Or ni hivyo hivyo. Sisi tumeongezewa N huku na N kule, na N, ndugu wananchi, ni Nyongeza! (Vigelegele.) Kwa hiyo chumba kinakuja, vitabu vinakuja, kwa ufanisi wa asilimia mia moja na kumi na nne, ambazo nimezikokotoa mwenyewe bila kusaidiwa.

(Mwalimu wa Kiingereza anasimama: “Samahani, mheshimiwa. Hayo maneno mawili yakienda pamoja yanakanusha vyote. Wamesema hawatatoa chumba wala vitabu.”)

Wala? Wala nini, mwalimu? Ofisi yangu haijala kitu! (Kicheko. Karani wa mheshimiwa anakohoa.) Keti, mama. Najua mvua zinakaribia, najua stoo inavuja na watoto wanajifunika madaftari kichwani. Sasa neema imebisha hodi, wewe unaikagua sarufi!

Nikisema Neither, mnaitikia Nor! Neither! (Umati unaitikia.) Chumba! (Unaitikia.) Vitabu! (Unaitikia kwa nguvu zaidi.) Naona mwalimu analia. Mwacheni, furaha hiyo.

Mwisho, nawashukuru wafadhili kwa kutokawia kujibu, na fundi, ambaye hatukuona haja ya kumsumbua. Sasa nakata utepe. Nyinyi watoto wawili mlioshika ncha, najua mikono imewachoka, lakini msiuachie, maana hapa hakuna ukuta wala mlango wa kuufungia.

(Mwalimu wa Kiingereza, akifuta macho: “Hapo sasa, mheshimiwa, umepatia.”)