Malalamiko Kuhusu Kiti Namba 14

Ndugu Mhariri Shukuru,

Salamu kutoka Mandewa. Naandika nikiwa nimesimama, na sababu utaiona hapa chini.

Nimekuwa mwandishi wa habari kwa miaka thelathini na moja. Tangu Machi naandika makala za blogu yenu, za kuwavuta wanunuzi kwenye mnada wenu wa mtandaoni. Unanitumia picha na namba, mimi naandika kilichomo pichani. Hatujawahi kukosana. Sasa nalalamika rasmi juu ya bidhaa namba 14: kiti cha mninga chenye kikalio cha ngozi ya ng'ombe.

1. Kiti hicho ni changu. Mke wangu, Luciana, alikiingiza mnadani kwa picha nilipokuwa Sekenke kwa siku mbili, chenyewe kikabaki nyumbani. Niliandika makala yake bila kukitambua, kwa kuwa kilipigwa picha kwa mbele, na kwa miaka kumi na tisa sijakitazama upande huo. Kila nikiwa nacho, nimekikalia. Hata makala yenyewe niliiandikia hapo.

2. Makala ilikuwa nzuri kupita kiasi. Niliandika kwamba aliyekichonga alikusudia kidumu kuliko mwenyewe. Kwa sentensi hiyo tu, watu saba walipandisha dau. Blogu haina budi kuweka kikomo.

3. Wanunuzi wanakuja nyumbani kukikagua. Mgeni haachwi amesimama, hupewa kiti kizuri kuliko vyote, na kiti chenyewe ndicho hicho. Hivyo kila mnunuzi tunamkalisha juu ya bidhaa, mimi nasimama. Ananyoosha mgongo, anatoa simu, anapandisha dau. Mwalimu Sostenes wa Ikungi alinipa shikamoo, akakaa, akapandisha mara mbili kabla hajamaliza uji.

4. Nilikutumia masahihisho ili niwakimbize: mguu wa nyuma wa kushoto ni mfupi, kinalia ukiegemea, na mkono mmoja una alama ya kikombe cha moto. Ukayachapisha. Nilikuwa nimesahau niko wapi. Huku kwetu, anayetaja mwenyewe jino bovu la ng'ombe wake ndiye anayeuza wa kwanza. Walikuwa saba, sasa ni kumi na sita.

5. Nilimwomba Luciana akitoe mnadani. Alinisomea makala yangu yote kwa sauti, kisha akasema, "Baba Elina, humu hujaacha hata sababu moja ya kukibakiza. Na wewe ukishakikalia huinuki. Wao wachukue kiti, mimi nibaki na mume."

Kwa hiyo naomba namba 14 iondolewe. Wanunuzi wote kumi na sita waarifiwe kwamba kiti hakikuwahi kuwapo. Na kuanzia sasa mwandishi akatazwe kusema ukweli juu ya kitu chochote chenye miguu minne kabla hajakizunguka.

Nisalimie Rebeka wa picha, ambaye simlaumu sana, na Benson wa kusafirisha mizigo. Mwambie asiwe na haraka. Walionizidi umri hapo ofisini wapokee shikamoo yangu.

Ni mimi, ambaye bado nimesimama,
Naftali Alute

N.B. Nimeisoma tena barua hii kwa jicho la kazi. Inauza. Luciana naye anaona hivyo. Iwekeni chini ya namba 14 kabla mnada haujafungwa Jumamosi saa sita mchana. Naambatisha picha mpya niliyoipiga mwenyewe, kwa mbele. Kweli ni kiti kizuri.