Turudishie Jina Letu la "Wale Wasichana"

Ndugu Mhariri wa Habari za Pindara,

Salamu kutoka shamba la mwisho, ambako mvua imetusahau lakini kondoo wazima. Mimi Noelene na Dulcie tumeishi hapa miaka thelathini na minne, tukigombania blanketi moja, na muda wote huo wilaya nzima ilituita "wale wasichana", hata Dulcie alipotimiza miaka sabini na mmoja. Kila mtu alijua, na kila mtu alifunika kombe akatuletea mayai. Sasa toleo lako la mwezi uliopita limetutangaza kuwa "wasagaji wetu wa kujivunia". Kwa heshima zote, naomba ufute. Sababu ni hizi:

1. Tumeletewa vikombe tisa vya rangi za upinde wa mvua. Tuko wawili, Mhariri.

2. Mchungaji ametuhubiria upendo Jumapili tatu mfululizo, katukazia macho. Dulcie, aliyezoea kusinzia wakati wa mahubiri, sasa anaona haya kufumba hata jicho moja. Nyumbani hasemeki, kama kuku anayeatamia.

3. Binti wa kaka yangu, Tegan, amekuja kutoka mjini na orodha ya majina kumi na moja ya watu kulingana na wanaowatamani, tuchague. Dulcie aliwahi kuolewa na Ron, na hakatai kwamba alimpenda. "Basi shangazi, wewe uko kundi jingine," Tegan akamwambia. Dulcie akamjibu, "Mwanangu, kundi langu ni Noelene. Hebu nipe hiyo siagi." Tangu hapo haijulikani kitandani mwetu kuna kundi moja au mawili, na klabu ya matufe, tunakocheza wawili wawili, imekaa kikao cha saa tatu kuamua kama sisi bado ni jozi.

4. Hili ndilo baya zaidi. Jirani yetu Clarrie, miaka themanini, hajawahi kumtamani mwanamke wala mwanamume; yeye na mbwa wake tu. Akaichungulia ile orodha, akakuta kumbe watu wa namna yake nao wana jina. Mzee mzima akalia mezani kwetu. "Miaka yote hii nilidhani nimeharibika," alisema. Nilifurahi naye, sikatai. Lakini ameliandika jina hilo getini kwake kwa rangi nyekundu, na hapiti mtu bila kuelezwa. Juzi mleta barua alichelewa saa nzima.

5. Kwa mwendo huu, mwakani tutapangwa kwenye maonyesho ya wilaya, kati ya jemu na kondoo dume, tuvishwe utepe wa mshindi.

Kwa hiyo chapisha masahihisho: sisi ni wale wasichana, basi.

Nisalimie mkeo, mama mkwe wako, na wote hapo ofisini.

Wako mwenye manung'uniko,
Noelene Trewin

Nyongeza: Kabla sijaipeleka barua hii posta, Dulcie ameanguka kwenye ngazi akichuma malimau, akavunjika nyonga. Naandika haya hospitalini. Nesi aliniuliza mimi ni nani wake. Nikasema ni mmoja wa wale wasichana. Akaniambia marafiki wasubiri nje mpaka jioni. Nikakaa nje, namsikia Dulcie ananiita. Nikashindwa. Nikarudi dirishani kwa nesi: "Andika, nesi. Sisi ni wasagaji, na huyo ni wangu." Akaandika bila hata kuinua kichwa, akanionyesha kiti kando ya kitanda.

Usifute kitu, Mhariri. Dulcie anauliza nilikuwa wapi muda wote huo.